MOTO WA NYUMBANI WAKATI WA BARIDI
Jinsi ya Kuutunza na Kuzitambua Kasoro Zake

Mtu wa pwani akisikia kwamba katika nchi ya Kenya wako watu ambao kwao kulala bila moto ni taabu, huenda akadhani ni hadithi. Lakini Saboti si pwani. Sehemu hii ya Kaunti ya Trans Nzoia iko chini ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kimefikia meta 4,321, na mji wa Kitale ulio jirani nayo umeinuka meta 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya futi 6,000. Kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti mvua hunyesha mara kwa mara, mawingu huufunika mlima, na usiku joto hupungua hata likakaribia digrii 10 za sentigredi. Upande wa Bungoma hali ni hiyo hiyo katika miinuko ya Kapsokwony, na baridi huzidi kwa kadiri mtu apandavyo.

Kwa sababu hiyo moto katika nyumba za huko si wa kupikia tu. Ni wa kuota, ni wa kukaushia nguo zilizolowa shambani, ni wa kuwapatia watoto usingizi. Basi moto huo ni sehemu ya nyumba kama ilivyo paa na mlango, nao wahitaji kutunzwa. Usipotunzwa hula kuni nyingi bila kutoa joto, huyajaza macho moshi, na, jambo lililo baya kupita yote, waweza kuwaua watu wa nyumba nzima usiku mmoja bila kuunguza hata uzi wa blanketi. Habari za jamaa waliokutwa asubuhi wamekufa kando ya jiko la makaa zimekwisha kusikika mara nyingi katika Kenya. Makala haya yaeleza sababu ya mambo hayo na njia ya kuyazuia.

NYUMBA YA ZAMANI NA NYUMBA YA SASA

Wazee wa Kisabaoti na wa Kibukusu walikuwa na moto ndani ya nyumba tangu zamani, na wengi walizeeka kando yake. Kwa hiyo mtu aweza kuuliza: Ikiwa moto wa wazee haukuwaua, mbona wa leo uue? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake limo katika nyumba yenyewe.

Nyumba ya msonge ilikuwa na mafiga matatu, kuta za fito na udongo, na paa la nyasi. Moshi ulipanda ukapenya katika nyasi, na hewa safi iliingia chini ya mlango na kati ya ukuta na paa. Nyumba ilipumua. Hata mapango ya Elgon yalikuwa hivyo. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika upande wa kusini wa mlima mwaka 1883, aliyakuta mapango yanakaliwa na watu pamoja na ng'ombe wao; lakini pango lina mdomo mpana, wala hapana mtu awezaye kulitia dari.

Isidhaniwe kwamba moshi wa zamani ulikuwa heri tupu. Uliwaumiza watu macho na vifua, na hasa akina mama na watoto wadogo ambao hukaa karibu na moto kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa maradhi yaletwayo na hewa chafu ya majumbani, na katika hao watoto walio chini ya miaka 5 walipita 237,000. Basi haifai kutamani kuurudisha moshi. Litakiwalo ni kufahamu kitu gani kimebadilika.

Kilichobadilika ni hiki. Nyumba ya sasa ina kuta za matofali au mawe, paa la mabati, dari ya mbao, madirisha ya vioo na mlango wa chuma. Palipo na ufa huzibwa kwa karatasi au matambara ili baridi isiingie. Katika mitaa ya Kitale kama Tuwani na Matisi watu wengi hupanga chumba kimoja, ambamo hupika, hula na hulala. Nyumba imebadilika, lakini desturi ya kuingiza moto ndani haikubadilika. Nyumba isiyopumua imetiwa moto unaotaka kupumua, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kanuni yote ya moto wa nyumbani ni fupi: moto wahitaji njia ya kuingizia hewa safi, na njia ya kutolea hewa iliyokwisha tumika. Kasoro karibu zote zitakazotajwa hapa chini zatokana na kuzibwa kwa njia moja, au zote mbili.

GESI ISIYO NA HARUFU

Makaa yapatapo hewa ya kutosha, kaboni iliyomo huungua kabisa ikawa kaboni dioksidi, hewa ile ile ambayo mtu huitoa apumuapo. Yakikosa hewa ya kutosha, au yakirundikwa mengi pamoja, kaboni huungua nusu tu ikawa kaboni monoksidi. Gesi hiyo ya pili haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho. Miali midogo ya buluu ichezayo juu ya makaa mekundu ndiyo gesi hiyo ikiungua. Lakini si yote iunguayo, na sehemu iliyobaki huenea chumbani.

Wenyeji husema, penye moshi pana moto. Hapa yafaa kuongeza kwamba hatari yaweza kuwapo pasipo moshi kabisa. Watu wengi huwasha jiko nje, wakangoja hata moshi uishe na makaa yawe mekundu yote, kisha huliingiza chumbani wakidhani limekuwa salama. Moshi umekwisha, ni kweli, lakini gesi haikwisha. Makaa mekundu huendelea kuitoa mpaka yatakapokuwa majivu. Nayo makaa yaliyofunikwa majivu ili yadumu hata asubuhi huungua polepole kwa uchache wa hewa, na kuitoa gesi hiyo usiku kucha.

Kazi ya damu ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu aivutaye huendelea kupumua, kifua chake chapanda na kushuka, lakini damu yake haichukui kitu cha kumfaa. Kwanza huumwa na kichwa, kisha huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea, akili huchanganyika, halafu huzimia. Aliye macho aweza kuzitambua dalili hizi akatoka nje. Aliyelala hazitambui, usingizi wake hugeuka kuwa kuzimia, na kuzimia hugeuka kuwa kufa. Watoto wachanga, wanawake wenye mimba, wazee na wenye ugonjwa wa moyo hudhurika upesi kuliko wengine.

Mambo haya yamejulikana tangu zamani. Mwaka 1895 mtaalamu John Scott Haldane wa Uingereza aliivuta gesi hiyo yeye mwenyewe kwa makusudi, akaandika jinsi mwili ulivyobadilika. Yeye ndiye aliyewashauri wachimbaji wa makaa ya mawe wachukue panya au ndege wadogo mashimoni, kwa kuwa viumbe hao huanguka kabla ya mtu. Katika mashimo ya Uingereza ndege hao waliendelea kutumika hata mwaka 1986, ndipo vyombo vya kupimia vikachukua mahali pao.

Wako wasemao kwamba beseni la maji likiwekwa karibu na jiko huivuta sumu. Sivyo, gesi hii haiyeyuki katika maji ila kidogo mno. Wako wasemao kwamba alalaye kitandani husalimika na alalaye sakafuni hudhurika. Sivyo pia, uzito wa gesi hii wakaribiana na wa hewa ya kawaida, nayo huenea chumba chote, juu na chini. Wala pazia lililogawanya chumba haliizuii.

JIKO LA MAKAA NA UTUNZAJI WAKE

Jiko la bati lililotiwa kigae cha udongo ndani yake, ambalo wengi huliita jiko la kisasa, lilianza kutengenezwa na mafundi wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata wazo lililotoka Thailand. Kigae huzuia joto lisipotee kwa ubavuni, hivyo makaa machache hufanya kazi ya mengi. Lakini faida hiyo hupatikana kwa jiko zima tu. Mwenye jiko na aangalie mambo haya:

(1) Majivu yamwagwe kila mara kabla ya kuwasha. Majivu yakijaa chini, hewa haipandi kwenye makaa. Jiko hupoa, na gesi ya sumu huzidi. Kilango cha chini kiachwe wazi wakati wa kuwasha, kisha kipunguzwe kidogo, lakini kisifungwe kabisa.

(2) Matundu ya kigae yachokolewe kwa kijiti au msumari, maana vipande vidogo vya makaa huyaziba.

(3) Maji yasimwagwe katika jiko lenye moto. Kigae kilichopata moto kikaguswa na maji baridi hupasuka.

(4) Ufa ukionekana, uzibwe mapema. Udongo wa kichuguu uliochekechwa na kuchanganywa na majivu waweza kuziba ufa mdogo. Jiko liwekwe kivulini siku kadhaa mpaka likauke, ndipo liwashwe moto mdogo kwanza. Kigae kilichovunjika vipande hakizibiki, bali fundi atie kingine.

(5) Makaa yahifadhiwe mahali pakavu. Makaa yaliyonyeshewa hulipuka cheche, huwaka kwa shida, na hutoa joto haba.

Kuhusu kuota moto wa jiko, sheria ni hizi. Jiko liwashwe nje. Likiingizwa ndani, watu wawe macho, na mlango au madirisha mawili yanayoelekeana yawe wazi. Kabla ya kulala litolewe nje, lisiwekwe stoo wala ukumbini, bali mahali palipo mbali na nyasi, nguo na kuni. Hapana kipimo cha dirisha kiwezacho kulifanya jiko la makaa liwe salama katika chumba cha kulala watu. Mwenye kusema, "Tumeacha dirisha wazi kidogo," ajue kwamba upepo ukitulia, au mtu akiamka kwa baridi akalifunga, hakuna kinga tena.

KUNI KAVU NDIZO NUSU YA KAZI

Mwenye meko ya kuni hulalamika mara nyingi kwamba meko yake ni mabaya, kumbe kosa li katika kuni. Mti uliokatwa sasa hivi waweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Moto hauwezi kumpa mtu joto mpaka uyageuze kwanza maji hayo kuwa mvuke. Na wakati huo hutoka moshi mwingi.

Kuni zipasuliwe mapema, wakati wa kiangazi kinachoanza Disemba, ili ziwe tayari ifikapo Juni. Zipangwe juu ya mawe au magogo zisiguse ardhi, chini ya paa, na pande ziachwe wazi upepo upite. Miezi 6 yatosha kwa kuni zilizopasuliwa nyembamba. Magogo mazito huhitaji zaidi. Kuni kavu hutambulikana kwa nyufa za miishoni, kwa magamba yanayobanduka, kwa wepesi wake, na kwa sauti: vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa ukali, si kwa kishindo kizito kama vile vibichi.

Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na magunzi yake ni kuni nzuri. Lakini magunzi huwaka upesi, hulipuka kwa ndimi kubwa, kisha huisha. Yafaa kwa kuwashia na kuchemshia, si kwa kulinda moto usiku kucha. Yakinyeshewa hutoa moshi kupita kuni mbichi, kwa hiyo yawekwe katika magunia juu ya kichanja. Karatasi za plastiki, mipira na mbao zilizopakwa rangi au dawa zisichomwe kabisa, kwa kuwa moshi wake una sumu nyingine mbali na hii.

DOHANI: NJIA YA KUTOLEA MOSHI

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi wa Kizungu walipewa mashamba katika Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ilifika Kitale. Katika nyumba zao walijenga meko ya ukutani yenye dohani za mawe au matofali. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mashamba mengi yaliingia mikononi mwa wananchi, na nyumba hizo pia. Zile zilizosimama hata leo zina dohani za umri wa miaka 60, 80 na zaidi. Siku hizi watu wengine hujenga meko kama hayo upya, au huweka majiko ya kuni ya udongo yenye bomba la bati. Yote hufuata kanuni moja.

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupanda. Ikipanda ndani ya dohani, huvuta nyingine nyuma yake kutoka chumbani. Dohani ikiwa ndefu na yenye joto, mvuto huwa na nguvu; ikiwa fupi, pana mno au yenye baridi, mvuto hulegea na moshi hurudi. Mtu aliyeyafafanua vizuri mambo haya alikuwa Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo cha Count Rumford, ambaye mwaka 1796 alionyesha kwamba meko yenye mdomo mdogo, yasiyo na kina kirefu, na yenye kuta za ubavuni zilizoelekea nje, hutoa joto zaidi chumbani na moshi mchache.

Vipimo vifuatavyo vyafaa kukumbukwa. Eneo la ndani la dohani lisipungue sehemu ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Kwa mfano, mdomo wenye upana wa inchi 30 na kimo cha inchi 27 una eneo la inchi 810 za mraba. Sehemu yake ya kumi ni 81, basi dohani iwe inchi 9 kwa 9. Dohani izidi kimo cha paa kwa futi 3 mahali inapotokea, tena ipite kwa futi 2 kitu chochote kilicho umbali wa futi 10 kutoka kwake, kama vile mgongo wa paa. Mbao za kenchi na dari zisiguse dohani, na penye paa la nyasi dohani isijengwe bila shauri la fundi stadi, maana cheche moja yatosha kuiteketeza nyumba.

Dohani ifagiliwe mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua kubwa za masika. Moto uzimwe siku moja kabla. Mdomo wa meko ufunikwe kwa gunia lililoloweshwa, kisha ufagio wa matawi magumu au mswaki wa nyaya ufungwe kwa kamba yenye jiwe, ukateremshwa kutoka juu na kuvutwa mara kadhaa. Afagiaye afunge kitambaa puani. Ndipo atazame kutoka chini: akiona mwanga wa mbingu, njia ni wazi. Mara nyingi hupatikana viota vya ndege, na pengine mzinga wa nyuki. Matofali yaliyolegea na nyufa zitokezazo masizi ukutani zizibwe, kwa sababu gesi hupita hapo ikaingia vyumba vya jirani.

KASORO NA DAWA ZAKE

Moshi warudi wakati wa kuwasha tu, kisha waacha. Hewa baridi imejaa katika dohani. Dawa yake ni kushika karatasi au nyasi kavu iliyowashwa chini ya koo la dohani kwa dakika moja au mbili ili lipate joto, ndipo kuni ziwashwe.

Moshi warudi, lakini mlango ukifunguliwa waacha. Hii ndiyo kasoro ya nyumba isiyopumua. Dohani haina kosa, bali haina hewa ya kuvuta. Litobolewe tundu la kiasi cha tofali moja karibu na meko, chini ukutani, litiwe wavu wa kuzuia panya, na lisizibwe kwa ajili ya baridi.

Moshi warudi upepo uvumapo kutoka mlimani. Dohani iko chini ya mgongo wa paa au miti ya jirani, na upepo washuka ndani yake. Iongezwe urefu, au itiwe kofia iliyo wazi pande zote nne.

Moshi warudi siku zote. Kwanza itazamwe kama dohani imeziba. Kama haikuziba, upimwe mdomo wa meko. Ukiwa mkubwa mno, upunguzwe kwa safu ya matofali chini au kwa kipande cha bati juu. Kabla ya kujenga, fundi ajaribu kwa kushikilia bati hilo mahali mbalimbali mpaka moshi uache, kisha aweke alama.

Maji meusi yanayonata yachuruzika kutoka dohani. Kuni ni mbichi, au moto hufifizwa mno. Lami hiyo ikikauka ndani yaweza kushika moto. Ikiwa sauti ya ngurumo yasikika katika dohani na cheche zaruka juu, watu watolewe nje, mdomo wa meko uzibwe kwa bati ili moto ukose hewa, na paa lichungwe. Dohani isitumike tena mpaka ikaguliwe.

Jiko lina makaa mengi lakini joto ni haba. Majivu yamejaa, au matundu yameziba, au kigae kimepasuka. Makaa yasiongezwe kabla ya kuyatazama haya matatu.

Watu wa nyumba waamka na maumivu ya kichwa, na wakitoka nje wapona. Hii ni kasoro kubwa kuliko zote, ingawa moshi hauonekani. Yasidhaniwe kuwa ni malaria au uchovu. Moto utolewe siku hiyo hiyo, na wenyewe waende wakapimwe. Ziko kengele ndogo za betri zenye kuipima gesi hii na kupiga kelele inapozidi. Mwenye uwezo wa kununua moja amepata kilichokuwa kazi ya ndege wa Haldane. Lakini kengele haichukui mahali pa tundu la hewa.

MTU ALIYEZIMIA KWA GESI

Anayemkuta mtu amezimia katika chumba chenye jiko na afungue mlango na madirisha upesi, amtoe mgonjwa nje kwenye hewa safi, na yeye mwenyewe asikawie ndani. Kama waliomo ni wengi, aite watu; wengi wamekufa kwa kuingia peke yao kuwaokoa wenzao. Asiyepumua apuliziwe pumzi kinywani na akandamizwe kifua na mtu ajuaye. Apumuaye alazwe kwa ubavu.

Maziwa, ambayo watu wengi huyaamini, hayaiondoi gesi hii, kwa kuwa imo katika damu wala haimo tumboni. Tena aliyezimia akinyweshwa chochote aweza kupaliwa akafa kwa sababu hiyo. Dawa yake ni oksijeni, na hiyo iko hospitali. Katika hewa ya kawaida zapita saa 4 au 5 kabla ya nusu ya gesi kutoka katika damu. Kwa oksijeni safi huwa dakika 80 hivi. Ndiyo sababu mgonjwa apelekwe hospitali hata kama amezinduka na kusema hajambo, na daktari aambiwe wazi kwamba palikuwa na jiko chumbani.

JOTO LA USIKU BILA MOTO

Jiko likiisha kutolewa, baridi ya Saboti haiondoki. Basi familia ifanyeje? Kwanza, joto lilindwe. Chumba kipashwe moto jioni watu wakiwa macho. Kuta za matofali hubaki na joto kwa muda. Pili, wengi huongeza mablanketi juu na kusahau chini, na hali baridi ya sakafuni hupanda kwa mgongo. Blanketi moja au magunia makavu chini ya godoro hufaa kama mawili ya juu. Tatu, chupa ya mpira yenye maji moto, iliyofungwa barabara na kuvikwa kitambaa, hupasha kitanda kwa saa kadhaa. Na pasipo chupa, jiwe kavu lililopashwa kando ya meko na kuzongwa matambara hufanya kazi hiyo. Jiwe la mtoni lisitumike, maana maji yaliyomo ndani yaweza kulipasua. Nne, mtu asilale na nguo yenye unyevu, na mtoto avikwe soksi na kofia.

Mambo haya hayana gharama kubwa, wala hayahitaji elimu ya chuo. Mwenye nyumba aliye na jiko zima, kuni kavu, dohani iliyofagiliwa na tundu la hewa lisilozibwa atatumia kuni chache na kupata joto jingi. Na kila usiku wa baridi, kabla taa haijazimwa, mmoja wa nyumba hiyo na awe na kazi ya kuuliza: Jiko liko wapi? Jawabu likiwa "Liko nje," watu na walale.